Aliyepasuliwa atembee, ila ndoo ya maji mwachieni mwingine

Kuna lawama inayozunguka sana siku hizi, kwenye makundi ya WhatsApp ya familia na kwenye mabenchi ya nje ya wodi ya wazazi, kwamba manesi wamekuwa hawana huruma. Mama kafanyiwa operesheni asubuhi, jioni ganzi ikishaachia anaambiwa aketi na kuteremsha miguu. Kesho yake alfajiri mpira wa mkojo unatolewa, anaambiwa ashuke kitandani aende chooni kwa miguu yake. Ndugu waliokuja na chupa ya uji wanamkuta kwenye korido kajishika tumbo, anavuta hatua huku kauma meno, na hasira zinapanda. Wapo wanaosema nesi kachoka kubadilisha mashuka. Wapo wanaosema hospitali inataka kitanda chake. Na karibu wote wanakubaliana kwamba mtu aliyechanwa tumbo anatakiwa alale.

Nesi yuko sahihi. Kumwinua mgonjwa mapema ni sehemu ya tiba, sawa na dawa ya kuzuia maambukizi anayochomwa kabla ya kupasuliwa. Lakini ndugu nao hawana wasiwasi wa bure, ila wanauelekeza pasipo. Tatizo letu ni kwamba tunamwinua mgonjwa bila kumtuliza maumivu ipasavyo, halafu tunamrudisha kwenye nyumba ambayo hakuna aliyeielewesha kwamba kutembea ni kitu kimoja na kufanya kazi ni kitu kingine. Kinachoitwa ukatili wa wodini kinatokana na hayo mawili, na yote mawili yanarekebishika.

Mjadala huu umekuwa mkubwa kwa sababu rahisi: waliopasuliwa wameongezeka. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba takriban watoto 6 kati ya 100 Tanzania walizaliwa kwa upasuaji. Katika utafiti wa 2022 walikuwa 11. Nyumba ambazo zamani hazikuwahi kuuguza mshono sasa zinauguza, na zinatumia maarifa zilizonayo, yaani yale ya kumtunza mzazi aliyejifungua kwa njia ya kawaida. Wakati huohuo kuna jambo ambalo hospitali zinalijua na ndugu hawaambiwi. Mwaka 2018 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha utafiti wa wagonjwa zaidi ya 11,000 waliopasuliwa katika nchi 25 za Afrika. Theluthi ya operesheni zile ilikuwa ya kujifungua. Wagonjwa wetu walikuwa vijana kuliko wale wa nchi tajiri na hawakuwa na magonjwa mengine mengi, lakini uwezekano wao wa kufa ulikuwa mara mbili ya wastani wa dunia. Karibu wote waliokufa walikuwa wameshavuka salama siku ya upasuaji yenyewe. Meza waliishinda, wakapotelea katika siku zilizofuata, siku ambazo sisi huziita za kupumzika tu. Walikufa kwa sababu nyingi, na uchache wa wahudumu wa kuwaangalia ni mojawapo, kwa hiyo sitadai kwamba kutembea kungewaokoa. Ninachodai ni kwamba hatari haiishi mgonjwa akitolewa chumba cha upasuaji, na kinachofanyika wodini kina uzito uleule wa kilichofanywa na kisu.

Tuangalie basi kulala kwenyewe kunafanya nini. Mtu aliyelala chali kwa saa nyingi, tena mwenye maumivu, hupumua juu juu. Sehemu za chini za mapafu hazijai hewa, makohozi yanatuama, nimonia inapata pa kuanzia. Utumbo uliozubaishwa na upasuaji unabaki umezubaa, tumbo linajaa gesi, na kila aliyewahi kuuguza anajua furaha ya wodi nzima siku mgonjwa anapojamba. Kubwa kuliko yote ni damu. Damu ya miguuni hupanda kurudi moyoni kwa msaada wa misuli ya mashavu ya miguu, na misuli hiyo husukuma pale tu mtu anapoitumia. Tangu karne ya 19 tabibu wa Ujerumani Rudolf Virchow alishaonyesha kwamba mabonge ya damu yanayoziba mishipa ya mapafu hutoka kwenye mishipa ya mbali, husafiri na damu na kwenda kukwama huko. Sasa mjamzito, kwa maumbile, damu yake huganda kwa urahisi kuliko ya mtu mwingine, ili asivuje hadi kufa anapojifungua, na hali hiyo huendelea kwa wiki kadhaa baada ya mtoto kutoka. Ongeza jeraha la upasuaji, ongeza siku nne za kulala bila kujigeuza, utaona kwa nini nesi ana haraka.

Hapa ndipo mitaani tunaposoma mambo kinyume. Hadithi inayosimuliwa ni ileile: mama alikuwa anaendelea vizuri kabisa, siku ya tano akasimama kwenda kuoga, akaishiwa pumzi, akaanguka, akafa. Anayesikiliza anaondoka na jibu moja, kwamba kusimama ndiko kulikomuua. Lakini kifo cha ghafla cha namna hiyo ndicho ambacho daktari hukishuku kuwa cha bonge la damu lililoziba mapafu. Bonge halitengenezwi na hatua tatu za kwenda bafuni. Lilijijenga taratibu siku zile alipokuwa amelala na kila mtu akimsifu kwa kutulia, na kusimama kulikuwa tu ndiyo saa lilipong'oka. Kwa hiyo msiba ambao ungetufundisha kuwainua wagonjwa mapema umegeuka kuwa ushahidi wa kuwalaza zaidi, na kila unapotokea mwingine imani inazidi kukomaa.

Wapo wanaosema hizi ni taratibu za Wazungu, wenye lishe nzuri na wodi zenye mashine, na kwamba miili yetu ina mazoea yake. Hoja hii ndiyo dhaifu kuliko zote. Wazungu wenyewe walikuwa walazaji wakubwa. Mwishoni mwa karne ya 19, kulala wiki mbili au tatu baada ya kupasuliwa tumbo lilikuwa jambo la kawaida Ulaya na Marekani. Mwaka 1899 daktari wa Chicago, Emil Ries, aliandika kwamba wagonjwa wake aliowaruhusu kula na kuinuka mapema walipona vizuri zaidi, na wenzake wakampuuza. Ilichukua miongo minne na vita vikuu vya pili, vitanda vilipokuwa haba na askari wanahitajika warudi kwa miguu yao, ndipo madaktari wengi wakakubali kujaribu. Mwaka 1947 tabibu Mwingereza Richard Asher aliandika katika jarida la madaktari wa nchi yake kuhusu hatari za kumlaza mgonjwa kitandani, kuanzia mapafu na mishipa hadi ngozi na akili. Kisha miaka ya 1990 daktari wa upasuaji wa Denmark, Henrik Kehlet, akaunganisha mambo kadhaa kuwa mpango mmoja: maumivu yadhibitiwe kwa njia kadhaa kwa pamoja, mgonjwa ale mapema, mipira na mirija itolewe mapema, ainuke mapema. Mpango huo ndio uliozaa taratibu zinazofuatwa sasa katika hospitali nyingi, zetu zikiwemo. Kumlaza mtu wiki mbili ni desturi ya zamani ya hospitali za Ulaya. Sisi tumeirithi, wao wakaiacha, na sasa tunaitetea kama ya mababu.

Na wala si hospitali za huko tu zilizotufundisha kulala. Imani kwamba aliyechomwa ganzi ya mgongo asiinue kichwa saa 24, asiwekewe hata mto, la sivyo ataumwa kichwa maisha yake yote, ilipandwa na wahudumu wa afya wa hapahapa. Maumivu hayo ya kichwa yapo kweli. Huletwa na maji ya uti wa mgongo kuvuja kwenye tundu la sindano. Lakini uchambuzi wa tafiti uliofanywa na mtandao wa watafiti uitwao Cochrane mwaka 2016 haukuona ushahidi kwamba kumlaza mtu kunayazuia. Kinachosaidia zaidi ni sindano nyembamba yenye ncha inayofaa. Kuna wodi ambazo nesi wa zamu ya jana alisema usiinue kichwa na wa leo anasema inuka utembee. Ndugu akishuhudia hilo, unamlaumuje akihisi kwamba kila mmoja anasema linalomrahisishia zamu yake?

Hofu inayogusa wengi ni ya mshono kufumuka. Tunaona uzi wa juu kwenye ngozi, tunadhani ndio unaoshikilia tumbo lote. Chini yake kuna tabaka jeupe gumu la ukuta wa tumbo, lililoshonwa peke yake kwa uzi imara zaidi, na hilo ndilo linalobeba uzito. Vipimo vya msukumo ndani ya tumbo vimeonyesha kwamba kukohoa na kuruka ndiko kunakosukuma zaidi. Kutembea taratibu hakufikii hapo hata kwa mbali. Mama aliyelala mpaka akapata kikohozi cha mapafu anautesa mshono wake kuliko yule anayejikokota koridoni. Mshono ukiachia, sababu zinazotafutwa kwanza ni usaha, lishe duni, kikohozi, kisukari au ushonaji wenyewe.

Ili nisionekane napigia debe upande mmoja, kuna mambo ambayo watetezi wa kutembea hawapendi kuyataja. Watafiti wa Montreal, Kanada, waliwachukua wagonjwa wa upasuaji wa utumbo waliokuwa tayari kwenye mpango wa kisasa wa kupona haraka, wakawapa baadhi yao mhudumu wa kuwahimiza na kuwatembeza zaidi. Walitembea zaidi kweli, lakini matatizo ya mapafu hayakupungua kuliko kwa wenzao. Na kwa wagonjwa wa kiharusi, ambao si wa upasuaji lakini somo lao linatuhusu, jaribio kubwa la mwaka 2015 lenye wagonjwa zaidi ya 2,000 liliona kwamba waliosukumwa kuinuka mapema mno na mara nyingi mno ndani ya siku ya kwanza walikuwa na matokeo mabaya zaidi baada ya miezi mitatu. Ninavyolisoma mimi, kutembea kuna dozi. Faida kubwa iko kwenye kuvuka kutoka kulala kabisa hadi kuketi, kusimama na kutembea kidogo mara kadhaa kwa siku. Ukishavuka hapo, kuongeza hatua juu ya hatua hakuongezi uponyaji kwa kiasi kilekile, na kwa mwili usio tayari kunaweza kudhuru. Kwa hiyo nesi anayemkaripia mama aliyepoteza damu nyingi, au aliyetoka kwenye kifafa cha mimba, atembee sawa na jirani yake wa kitanda cha pili, hana utafiti wa kumtetea.

Kuhusu kitanda, tuseme ukweli. Ndiyo, hospitali zinataka vitanda. Wodi ambayo wazazi wawili wanalala kitanda kimoja haiwezi kujifanya haina haja ya nafasi. Lakini nia mbili zinaweza kukaa ndani ya tendo moja bila kuliharibu. Kwenye mifupa hili tunalikubali bila ubishi. Kijana wa bodaboda aliyevunjika paja, asipowekewa chuma, mguu wake huvutwa kwa uzito unaoning'inia mwisho wa kitanda kwa wiki 6 au zaidi, na anatoka hapo miguu imekonda na mara nyingine ana vidonda vya kulalia. Shirika la SIGN la Marekani, lililoanzishwa mwaka 1999, husambaza vyuma vya kupitisha ndani ya mfupa vinavyoweza kuwekwa bila mashine ya eksirei chumba cha upasuaji, na vinatumika Tanzania pia. Kijana aliyewekewa anasimama kwa magongo baada ya siku chache na kitanda kinabaki wazi, na sijasikia ndugu wa mtu akilalamika kwamba kafukuzwa. Tunakubali kwa kijana wa bodaboda kwa sababu tunamwona anasimama. Kwa mzazi tunaona maumivu tu.

Hapo ndipo tunapofika kwenye arobaini, na hapa nadhani wataalamu wetu ndio waliokosea kusoma. Wakiwa kwenye semina huitaja arobaini kama kikwazo, mila ya kumfungia mwanamke ndani. Wangekaa wakaangalia nyumba ilivyo. Kwa siku za kawaida mwanamke huyu ndiye anayechota maji, anayepika, anayefua, anayefagia uwanja, na wengine shamba linawasubiri. Arobaini ndiyo likizo pekee ya uzazi aliyo nayo asiye na mwajiri. Analetewa uji wa pilipili manga, mtori au supu, mama yake au wifi anashika jiko, na hakuna wa kumtuma. Masharti ya likizo hiyo ni kwamba awe anaonekana mgonjwa. Kitanda ndicho kibali chake. Akionekana anazunguka nyumba, mkono kiunoni, kwa ajili ya mazoezi aliyoandikiwa hospitali, siku ya tatu atasikia, "Si umeshapona wewe, hebu tusaidie na hizo sufuria." Mwanamke anajua hesabu hii vizuri. Akichagua kulala, hafanyi ujinga, anajilinda na ndoo ya lita 20.

Kwa maana hiyo, ushauri wa hospitali unaosema "fanya mazoezi, usilale sana" ukifika nyumbani unatafsiriwa kuwa "rudi kazini", na ni afadhali asingepewa. Mwili aliorudi nao unahitaji mambo mawili kwa pamoja: miguu itembee, mikono isibebe. Kuzunguka uwanja mara kadhaa kwa siku, ndiyo. Kumbeba mtoto wake, ndiyo. Kutwanga, kuinama kufua, kubeba ndoo, hapana, na kwa kawaida madaktari huweka katazo hilo kwa takriban wiki 6. Ukimwambia mama peke yake umemwachia kesi ambayo hana nguvu ya kuitetea mbele ya mama mkwe. (Kukandwa kwa maji ya moto juu ya mshono mbichi ni jambo jingine, hilo lisubiri, na lisemwe bila kuikejeli mila nzima.)

Deni lingine ni la hospitali, nalo ni maumivu. Kehlet hakuanza na kutembea, alianza na maumivu. Sisi tumechukua nusu ya mpango iliyo ya bure. Katika wodi nyingi dawa ya maumivu hutolewa mgonjwa anapolia, na mwanamke wetu kalelewa asilie. Anaambiwa ajikaze, anajikaza, na faili linaandikwa anaendelea vizuri. Parasetamoli pamoja na diklofenaki au ibuprofeni, kwa asiye na sababu ya kuzikatazwa, zikitolewa kwa saa zilizopangwa badala ya kusubiri kilio, hubeba sehemu kubwa ya mzigo huo, na hizi si dawa za anasa. Kinachobaki ni ufundi mdogo tu. Dawa itangulie kama saa moja kabla ya kuinuka mara ya kwanza. Mgonjwa asikurupuke kutoka chali: ajigeuze ubavu, ateremshe miguu, ajisukume kwa kiwiko. Aketi ukingoni dakika kadhaa mpaka kizunguzungu kipite, kwa sababu shinikizo la damu hushuka mtu anaposimama baada ya kulala muda mrefu. Khanga iliyokunjwa aikandamize juu ya mshono anaposimama na anapokohoa. Mtu mmoja awe pembeni yake, asimvute mikono, amshike kiunoni. Nimewahi kukaa kando ya kitanda ambapo mambo haya yalifanyika kwa utaratibu huo, na ambapo hayakufanyika. Koridoni ilikuwa rahisi kutofautisha yupi ni yupi.

Tukikubaliana na haya, lawama zinagawanyika upya. Karatasi ya ruhusa ambayo leo ina majina ya dawa na tarehe ya kurudi inatakiwa iwe na mistari inayosomeka na nyumba nzima: atembee kiasi gani, asibebe nini mpaka tarehe gani, na dalili zipi zimrudishe siku hiyohiyo, kama mguu mmoja kuvimba na kuuma, pumzi kukata, au mshono kutoa usaha. Maelezo yatolewe saa ya kuona wagonjwa, akiwepo yule atakayekaa naye nyumbani, awe mume, mama au mama mkwe, maana neno la daktari akilisikia mwenyewe halipingiki kirahisi kama linavyopingwa likiletwa na mkwe. Na kwa kuwa wodi nyingi hazina manesi wa kutosha, achilia mbali wataalamu wa fiziotherapia, anayeweza kumwinua mgonjwa mara nne kwa siku ni ndugu. Huyo kwa sasa hafundishwi chochote. Anasubiri nje ya geti, saa ikifika anaruhusiwa kuingiza chakula, saa ikiisha anatolewa, na mgonjwa wake anabaki na amri ya kutembea bila mtu wa kumshika kiuno.